Pikipiki imezima ghafla njiani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na sisi wa masafa wa Dar

Haya maswali naulizwa kila wiki, saa nyingine simu inaingia mtu yuko Chalinze juani, anapiga kelele "imezima!" afu hapohapo anataka nimwambie anunue nini. Nimeamua kuyaandika yote sehemu moja. Mimi sio fundi wa kusomea, ni mwendeshaji tu wa Tabata ambaye ameshasukuma pikipiki ya kilo 240 mara nyingi kuliko alivyotaka. Naongelea pikipiki kubwa za safari zenye injekta, Africa Twin, GS, Ténéré, V-Strom, Versys na jamaa zao, ila hata mwenye kabureta atapata chake humu.

Imezima ghafla niko spidi 100, kitu cha kwanza nifanye nini?

Bana klachi. Kabla hujawaza chochote bana klachi, mana kama injini imejifunga kwa ndani tairi la nyuma nalo linafunga na utalala chini, lakini ukibana klachi pikipiki inaendelea kuserereka kama baiskeli na wewe unaielekeza. Angalia kioo, washa indiketa kama umeme bado upo, kama hamna nyoosha mkono, sogea kushoto mpaka utoke kabisa kwenye lami. Sio pale pembeni kabisa ya mstari, pale malori yanapita yanakusugua bega. Ukikwama kwenye kona au mlimani vunja matawi uyaweke nyuma yako barabarani kama wanavyofanya wenye malori, kila dereva anaielewa ile lugha, ila ukiondoka yatoe.

Afu tulia dakika mbili. Usianze kubonyeza stata kama kengele ya mlangoni, hiyo betri unayoimaliza ndo ungeitumia kutafuta ugonjwa.

Nitajuaje kama ni umeme au ni mafuta?

Hili ndo swali lenyewe, na jibu haliko kwenye spana, liko kichwani mwako: ilizimaje?

Umeme unakata kama LUKU iliyoisha uniti, sekunde hii upo sekunde hii hamna. Hamna kusuasua, hamna kukohoa. Mafuta yanakata kama bomba la maji la mtaani, linakohoa, linatema hewa, linarudi kidogo ukapata matumaini, afu ndo kimya. Kwahiyo mtu akiniambia "ilianza kukosa nguvu, nikivuta resi inazidi kufa, nikipunguza inarudi, baada ya kama nusu kilomita ikazima" namwambia aangalie tenki, pampu na filta. Akiniambia "paa, kimya" namwambia aangalie betri, fyuzi, swichi ya ufunguo na soketi.

Afu kuna mshale wa mizunguko ya injini, wengi hawauangalii kabisa. Ile sekunde ya kwanza kabla hujabana klachi injini bado inazungushwa na tairi hata kama haiwaki, kwahiyo mshale ulipaswa ushuke taratibu pamoja na spidi. Kama dashibodi yote ilizima, umeme mkuu umekata. Kama dashibodi iliwaka kawaida ila mshale wa mizunguko ukadondoka sifuri papo hapo wakati tairi linazunguka, mshuku sensa ya krenki (ile inayoiambia kompyuta injini inazungukaje), mana kwenye pikipiki nyingi za kisasa mshale unapata habari kutoka kwenye sensa hiyohiyo. Kama mshale ulikuwa unafanya kazi na injini inamisi (inawaka kwa kurukaruka), rudi kwenye mafuta, plagi na koili inayoipa plagi moto.

Na ujiulize ulikuwa unafanya nini dakika ile. Umegeuza usukani? Umepiga shimo? Umewasha spotilaiti? Umetoka kujaza mafuta dakika 10 zilizopita? Umeosha pikipiki asubuhi? Mtu akinipigia namuuliza haya kwanza kabla ya jina la pikipiki, na mara nyingi tunamaliza hapohapo.

Dashibodi imekufa kabisa, hamna hata taa moja. Naanzia wapi?

Vichwa vya betri. Fungua siti, shika waya wa chanya na wa hasi utikise kwa mkono, kama kuna unaochezacheza umeshampata mwizi. Barabara zetu na mtikisiko wake zinalegeza zile skrubu, afu zile nati ndogo za mraba ndani ya kichwa cha betri zinazama chini, ukikaza unahisi imekaza kumbe bado. Weka kipande cha mpira chini ya nati iinuke, kaza na bisibisi ya kweli sio sarafu ya mia mbili.

Ikiwa vichwa viko sawa nenda fyuzi kuu, mara nyingi ni ya ampea 30 na ipo karibu na rilei ya stata (swichi ya umeme inayopitisha umeme mkubwa). Pikipiki nyingi zina ya akiba imechomekwa pembeni yake na mwenye pikipiki hajui miaka mitano yote.

Ya tatu ni swichi ya ufunguo. Washa afu tikisa ufunguo kidogo na zungusha usukani kushoto na kulia, taa zikiwaka na kuzima basi ni swichi au waya zinazopita shingoni. Wenzangu wenye funguo za nyumba, geti, ofisi na kikatuni cha plastiki vyote kwenye ufunguo mmoja wa pikipiki, ule mzigo unaning'inia na kucheza safari nzima, swichi inachoka mapema.

Taa zinawaka ila nikibonyeza stata haizunguki.

Sikiliza sauti. Ikilia tik-tik-tik-tik haraka na taa zinafifia, betri imechoka au kichwa chake kimelegea. Ikilia tik moja nzito afu kimya, umeme unafika kwenye rilei ila hauvuki vizuri kwenda stata, au stata yenyewe imekufa, au waya wa ethi kutoka betri kwenda kwenye injini umeoza. Ikiwa kimya kabisa, kabla hujatoa machozi: swichi nyekundu ya kuzimia iko wapi? Stendi ya pembeni imepanda yote? Gia iko nyutro? Klachi umeibana mpaka mwisho?

Usicheke, swichi nyekundu imeshatuma watu wazima wakapakia pikipiki kwenye kirikuu kutoka Mlandizi mpaka mjini. Mimi mmoja wao.

Swichi ya stendi inastahili neno lake. Iko chini, inakula matope na vumbi, na kazi yake ni kuzima injini ukiweka gia huku stendi iko chini. Ikichafuka inadhani stendi iko chini hata kama umeipandisha, kwahiyo pikipiki inawaka nyutro vizuri tu, ukiweka gia ya kwanza inakufa. Au iko safarini, unapiga tuta, inazima, inarudi. Dalili ni hiyo, dawa ni kuisafisha, kupiga WD-40 kidogo na kuichezesha stendi juu chini mara kadhaa.

Stata inazunguka vizuri kabisa ila haiwaki.

Fungua ufunguo bila kupiga stata, tega sikio kwenye tenki. Pikipiki nyingi za injekta pampu inalia nzzzz kama sekunde 2 afu inanyamaza. Usiposikia kitu angalia fyuzi ya pampu na rilei yake, rilei badilishana na ya honi au ya taa kama zinafanana umbo na miguu, hiyo ni pima ya bure. Kama imeanguka karibuni, hata ile ya kulala taratibu kwenye mchanga Kigamboni, kuna sensa ya kuanguka inayokata pampu na moto, zima ufunguo, subiri, washa tena. Watu wameshafungua tenki bure kwa sababu ya hiyo.

Pampu inalia? Piga stata sekunde chache afu nusa ekzosi. Ukisikia harufu kali ya petroli basi mafuta yanafika na moto ndo hamna. Usiposikia harufu, mafuta hayafiki. Ukitaka kuhakikisha moto toa plagi moja, irudishe kwenye koili yake, iguse vizuri kwenye chuma cha injini mbali na tundu ulilotoa, mwenzako apige stata. Usiiache inaelea hewani, umeme ukikosa pa kwenda unarudi kuua koili au kontrol boksi, yani kompyuta ya pikipiki. Na mvuta sigara akae mbali, nasema kwa sababu wapo.

Kingine ni chipu ya ufunguo. Kama kuna taa ya ufunguo kwenye dashibodi inawaka au kupepesa, pikipiki haikutambui. Tenga huo ufunguo na nyingine zenye chipu, jaribu ule wa akiba. Ndo mana ufunguo wa akiba usiuache nyumbani ukienda Mbeya, na usiuweke kwenye sanduku ambalo linafunguliwa na ufunguo uliopotea.

Inazima ikipata moto, nikikaa nusu saa inawaka kama hamna kitu. Kila fundi anasema hajaona tatizo.

Hajaona kwa sababu unampelekea ikiwa imepoa. Huu ugonjwa una washukiwa watatu wakubwa.

Wa kwanza ni mfuniko wa tenki. Una tundu dogo la kupumulia, likiziba na vumbi petroli inatoka hewa haiingii, tenki linajivuta, pampu inashindwa. Ikizima fungua mfuniko hapohapo, ukisikia fyuuu hewa inaingia na ikawaka, umepona. Mwenye kabureta hii inakuhusu zaidi, mafuta yako yanashuka kwa uzito wake tu.

Wa pili ni sensa ya krenki. Ndani kuna koili ya waya mwembamba sana, ikipata joto waya unatanuka, palipo na ufa panaachana, ikipoa panagusana tena. Dalili ni ile ya mshale, ukipiga stata ikiwa na moto mshale hauchezi hata kidogo na pikipiki haiwaki. Pima omu zake (ukinzani wa umeme, kwa mita ya umeme) ikiwa ya moto afu pima ikiwa baridi, kama ya moto mita inaonyesha imekatika basi hukumu imetoka.

Wa tatu koili ya plagi, hapo kwa kawaida inaanza kwa kumisi silinda moja kabla ya kufa. Ukiwa na silinda mbili utahisi pikipiki imegeuka trekta.

Mpelekee fundi ikiwa imezima, sio ikiwa imepona. Hata kama ni kumpigia picha ya video ya dashibodi pale pale Kimara kwenye foleni.

Betri nzima inasoma volti ngapi? Na chaji je?

Nunua mita ya umeme ya kidijitali hata ile ndogo ya njano, kitu cha maana kuliko ekzosi ya kelele. Betri ya kawaida ya asidi iliyolala usiku bila kuguswa isome 12.6 mpaka 12.8. Ikisoma 12.4 imepungua kama robo, ikikaribia 12.0 imeisha. Za lithiamu zina hesabu yake, zikilala zinasoma 13.2 hivi na kuzidi, kwahiyo lithiamu ikikusomea 12.6 usifurahi.

Sasa bonyeza stata huku unaangalia mita. Isishuke chini ya 10 hivi, ikienda 9 na saa ya dashibodi inajirudisha sifuri basi betri haina nguvu hata kama asubuhi ilisoma 12.7. Hapa ndo wengi wanadanganyika, volti za kulala ni sura tu, kazi inaonekana ikibebeshwa mzigo.

Afu washa, pandisha mizunguko mpaka 4000 hivi, mita iwe kwenye vichwa vya betri. Unataka 13.8 mpaka 14.5. Ikibaki 12 na kitu na inazidi kushuka, hamna chaji, unatembea kwa akiba. Ikizidi 15, regyuleta (kile kifaa kinachodhibiti chaji) imekufa kwa upande wa pili na inachemsha betri, hiyo ni hatari zaidi mana inaunguza balbu na boksi za gharama. Simama.

Kwenye sailensa (injini inaunguruma bila resi) chaji kuwa ndogo ni kawaida, hasa foleni ya Mwenge feni ya radieta ikizunguka. Spotilaiti mbili za wati 55 ni wati 110, gawa kwa 12 unapata ampea 9 na kitu, kwenye foleni hizo zinatoka kwenye betri moja kwa moja. Weka LED.

Fundi wangu anapima chaji kwa kutoa waya wa betri huku injini inaunguruma. Ikiendelea kuwaka anasema chaji ipo.

Mzuie. Kwa heshima, mwite fundi, mzee, mkuu, kaka, lakini mzuie. Hiyo ilikuwa ya pikipiki na magari ya zamani yasiyo na kompyuta. Betri ndo inayotuliza ule umeme, ukiitoa injini ikiwa inazunguka volti zinaruka juu ghafla na kontrol boksi, dashibodi na ABS (breki zinazozuia tairi kufunga) vyote vinapigwa. Mita inatoa jibu hilohilo kwa sekunde 5.

Ndugu yake ni fundi wa kuchomelea. Unataka kuunga kibebeo cha masanduku au bampa iliyokatika, anaweka ethi ya mashine kwenye fremu na anaanza kuchoma, betri imeunganishwa. Toa vichwa vyote viwili vya betri kwanza, na kama kontrol boksi inatoka kirahisi chomoa soketi yake. Bora zaidi toa hicho chuma ukachomee pembeni.

Chaji hamna. Ni regyuleta au ni koili ya ndani inayotengeneza umeme wa chaji? Ninunue ipi?

Usinunue chochote bado, hasa usinunue zote mbili "kwa usalama".

Mimi ilinikuta ndani ya hifadhi ya Mikumi saa kumi na moja jioni, mahali ambapo husimami kwa raha. Ilianza taa ya ABS kuwaka, nikaipuuza, mana nilidhani ni sensa ya tairi, kumbe volti zikishuka ABS ndo inalalamika ya kwanza. Afu taa kubwa ikafifia, afu mshale ukaanza kucheza ngoma, afu kimya. Nyani wanne wakanikalia pembeni wananiangalia nafungua siti. Nilichokuta ni soketi ya waya tatu za njano imeyeyuka, nyeusi tii, plastiki imegandana. Nikakata soketi, nikaunga waya kwa waya, nikasokota, tepu nyeusi, lori likanisaidia kubusti na nikafika Mikumi mjini bila kuwasha taa kubwa. Regyuleta ilikuwa nzima, koili nzima. Soketi tu. Na wiki moja kabla fundi alikuwa ameniambia ninunue regyuleta mpya.

Kwahiyo soketi hiyo ndo ya kwanza kuangaliwa, waya tatu za rangi moja, mara nyingi njano, zinatoka ubavuni mwa injini kwenda kwenye regyuleta. Ikiwa na doa la kahawia au plastiki imelegea, umeme unapita kwa shida hapo na kutoa joto.

Ikiwa nzima ichomoe, injini imezimwa. Pima omu kati ya waya ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya kwanza, zote tatu zilingane na ziwe ndogo, kwa kawaida chini ya 1. Afu kila waya na chuma cha injini, mita isisome kitu. Ikisoma, koili ya chaji imepiga shoti kwenye bodi, imekwisha. Zikipita hapo washa injini soketi ikiwa imechomolewa, weka mita kwenye volti za AC, kwenye mizunguko 5000 pikipiki nyingi kubwa zinatoa volti 50 mpaka 60 na kuzidi, kati ya kila jozi, na zote tatu zilingane. Namba kamili iko kwenye kitabu cha pikipiki yako. Usiguse waya, zinapiga. Koili ikifaulu yote hayo na soketi pamoja na waya za kwenda betri ziko safi, sasa ndo mlaumu regyuleta.

Ukinunua regyuleta tafuta ya aina ya MOSFET, zinatoa joto kidogo kuliko zile za zamani, Shindengen ya Japani ndo jina ambalo wengi tunaliamini. Ifungwe mahali inapopigwa na upepo. Wenye BMW GS za injini ya boksa, 1100, 1150 na 1200 za kabla ya ile ya kupozwa kwa maji ya 2013, nyie mna alteneta ya mkanda kama gari, hizi waya tatu haziwahusu, angalieni mkanda.

Fyuzi inaungua kila nikiweka mpya.

Usiweke kubwa zaidi na usiweke karatasi ya sigara. Fyuzi ikigoma kuungua kinachoungua ni waya, na waya uko chini ya tenki la petroli.

Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunge waya mbili, chomeka mahali pa fyuzi. Shoti ikiwepo balbu inawaka kwa nguvu zote na hakuna kinachoungua. Sasa chomoa kifaa kimoja kimoja cha laini ile, tikisa waya, geuza usukani. Balbu ikizima au kufifia ghafla, ulipogusa ndo penyewe. Anzia shingoni mwa usukani, nyuma ya taa kubwa, chini ya siti kwenye bawaba, na popote mtu alipofunga honi ya treni au chaja ya simu. Tisa kwa kumi ni kazi ya aliyeongeza vitu, sio ya kiwandani.

Nikiiacha wiki mbili betri inakufa, ila nikiendesha kila siku haina shida.

Una trakka? Kila mtu Dar kaweka trakka. Toa waya wa hasi, weka mita katikati ya waya na betri ukianzia kipimo cha ampea 10, ufunguo umezimwa. Pikipiki yenyewe inakula miliampea chache tu. Trakka ikila 30, betri ya 12Ah inakaukia sifuri kwa saa 400, yani siku 16 na kitu, na nguvu ya kupiga stata inaisha mapema zaidi ya hapo. Unapima kwa kuchomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Usipige stata wala kuwasha ufunguo mita ikiwa hapo, utaua fyuzi ya mita.

Chaja ya simu iungwe kwa rilei inayowaka na ufunguo, sio moja kwa moja.

Nimepita maji Jangwani, imezima katikati.

Usipige stata. Kama maji yameingia kwa njia ya hewa yakafika juu ya pistoni, maji hayabanwi kama hewa, ukilazimisha unapinda koneti, kile chuma kinachounga pistoni na krenki. Isukume itoke, fungua boksi la filta ya hewa, kama kuna maji toa plagi zote ndo uzungushe injini iyateme. Angalia na oili, ikiwa rangi ya chai ya maziwa badilisha kabla ya kwenda popote.

Kama boksi la hewa ni kavu basi ni umeme umelowa tu: soketi za koili, swichi ya stendi. Chomoa, puliza, kausha, paka grisi ya umeme. Na wale vijana wa kuosha waambie bomba la presha lisilenge dashibodi, chini ya siti wala shingoni. Ukikaa Kigamboni au Kunduchi chumvi ya hewa inafanya kazi hiyohiyo polepole, utaona unga wa kijani ndani ya soketi.

Nitajuaje imenoki (injini imejifunga kwa ndani) na sio umeme?

Ilipiga kelele ya chuma kabla ya kuzima, au taa ya oili au ya joto iliwaka, na sasa stata inasema tik tu huku betri ni nzima. Weka gia ya juu, isukume mbele nyuma taratibu, injini isipozunguka hata kidogo acha hapohapo. Usisukumwe na watu wanne.

Spea Kariakoo nazikwepaje feki?

Nenda Gerezani na spea yako ya zamani mkononi, linganisha uzito, soketi, rangi ya waya na namba iliyochapwa. Betri angalia tarehe ya kutengenezwa, mana iliyokaa rafuni miaka miwili kwenye joto letu ni mzee aliyevaa shati jipya. Sensa na koili, mtumba wa Japani uliopimwa kwa mita mbele yako mara nyingi unashinda mpya isiyo na jina. Rilei na fyuzi nunua nyingi, ni vitu vidogo.

Nibebe nini safarini?

Mita ya umeme, fyuzi za kila saizi pamoja na ile kuu, rilei moja, mita mbili za waya mnene, tepu nyeusi, balbu yenye waya, plagi moja na spana yake, msasa kipande, kitochi cha kichwani, na kile kibustia kidogo cha mfukoni kilichochajiwa. Cha mwisho ndo watu wanabeba kikiwa kimeisha.

Kubusti kwa gari kunaua pikipiki?

Gari lizimwe injini. Chanya kwa chanya, afu hasi ya gari kwenye chuma kitupu cha injini ya pikipiki, sio kwenye rangi. Ikiwaka toa hasi kwanza. Kusukuma mpaka iwake inawezekana, gia ya pili au ya tatu, ila kama betri imekufa mpaka dashibodi haiwaki mnajichosha, pampu na kompyuta vinataka umeme wake kwanza.

Imeshindikana kabisa. Bodaboda anaweza kunisukuma na mguu mpaka mjini?

Mita 300 kutoka hatarini, sawa. Zaidi ya hapo hapana, kilo 240 sio Boxer, akikosea mguu mnaanguka wote. Tafuta kirikuu, pandisha kwa ubao mpana na watu watatu, tairi la mbele likae kwenye kona ya bodi, funga mikanda miwili kwenye fremu ya mbele au chini ya usukani mpaka shoki ishuke kidogo, gia ya kwanza, stendi iwe juu. Usifunge kamba kwenye mishikio yenyewe. Na wewe kaa nyuma na pikipiki ushike, dereva mwambie matuta ya Kibaha apite polepole.